Inshallah Si Jaketi la Kuokoa Maisha

Ndugu zangu katika imani, safari ya kupiga kasia kwenye maji ya kasi inavutia. Jinja ni mbali na gharama yake ni kubwa, na sisi tuna mito yetu: Enyau unaopita Arua, na Kaya ulio mpakani kule Koboko. Wazo hilo si baya. Mchezo unaojenga mwili na undugu una nafasi katika dini yetu. Swali ni hili: mtu anapowaandikisha wenzake kumi kuingia majini, tawakuli yake ionekane wapi?

Wengi hujibu kwa neno moja. Wingu likitanda, inshallah litapita. Asiyejua kuogelea, inshallah hataanguka. Neno tukufu linafanywa kifuniko cha kazi isiyofanywa. Lakini Mtume (s.a.w.), katika riwaya ya Tirmidhi, alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kumfunga ngamia mtoni ni kutembea ukingoni siku moja kabla na kuangalia kila mwamba na kila mti ulioanguka, maana matawi hupitisha maji lakini humnasa mtu. Ni kuwa na jaketi kwa kila mmoja. Ni kukumbuka kwamba mvua ya huko juu hujaza mto hata kama mjini jua linawaka. Jinja, mashua za watalii husindikizwa na waokoaji wenye kayaki. Kwenye kijito cha nyumbani, mwokozi wako ni yule uliyekuja naye.

Mwingine atasema ajali imekwisha kuandikwa. Sayyidna Umar (r.a.) alikabiliwa na hoja hiyo. Akiwa njiani kwenda Sham alisikia habari za tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari. Jibu lake, kama alivyolipokea Bukhari, ni kwamba anatoka kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari Yake nyingine. Tahadhari nayo ni kadari.

Kuna hoja nzito zaidi: wote ni watu wazima na wamekubali. Kweli, lakini wamekubali nini? Kukubali kwa asiyeujua mto ni kumwamini mpangaji, si kuukubali mto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuona haya kusema mbele ya wenzake kwamba hajui kuogelea. Amiri wa safari amuulize faraghani, na amwachie nafasi ya heshima ukingoni: kushika kamba ya uokoaji ni kazi, si aibu.

Tena, sharti la kuahirisha liwekwe kabla ya kuchanga fedha: maji yakifunika jiwe fulani, tunarudi. Nauli ikishalipwa, aibu ya kurudi huwa na sauti kubwa kuliko mto. Aya ya 195 ya Suratul Baqara inatukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Sembuse kuwatia wenzetu?

Tusiache mito yetu. Ila tawakuli ya kiongozi hupimwa siku maji yamejaa: je, ataweza kuwarudisha wenzake hosteli wakiwa wakavu, na moyo wake ukatulia? Wallahu a'lam.