Je, Kujieleza ni Kujisifu?



Katika malezi yetu huku Usukumani, mtoto hufundishwa mapema kwamba mbele ya wakubwa hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu kwa kifupi. Watu wakimsifu husema, "Ni kidogo tu." Malezi hayo ni mema, wala hatuna nia ya kuyabeza. Lakini mtoto huyo akishamaliza masomo huitwa kwenye usaili wa kazi, ule ambao wazee bado huuita intavyu. Huko hukuta watu watatu au wanne wasiomjua, nao humwambia, "Tueleze habari zako. Kwa nini tukupe wewe kazi hii?" Basi hunyamaza, au hujibu, "Nitafanya lolote mtakaloniambia." Kisha hurudi Kiloleli mikono mitupu, na sisi husema kwamba hakuwa na bahati.

Swali tunalotaka kulitazama ndilo hili: Je, mtu anayejieleza ana hatia ya majivuno? Na kama hana, mpaka kati ya kujieleza na kudanganya uko wapi?

Wako wanaojibu kwa methali: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni kweli sokoni, ambako mnunuzi hukishika kitu na kukigeuza. Ni kweli pia kijijini, ambako kila mtu amemwona kijana akikua. Lakini msaili hakumwona akikua, naye ana dakika chache tu. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, uwanja ambao sasa huitwa wa Benjamin Mkapa, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Katika umati kama huo, wema usiosemwa hauonekani.

Tena kusema habari za kazi yako si jambo geni kwetu. Kijana anayerudi machungani jioni huulizwa na baba yake: Ng'ombe wote wamerudi? Umewanywesha wapi? Yule anayechechemea anaendeleaje? Kijana hujibu yote, wala hakuna anayemwambia kwamba anajisifu. Anatoa hesabu ya alichokabidhiwa. Sisi twaona kuwa usaili ni jambo hilohilo. Anayetoa hesabu husema alichofanya, jinsi alivyokifanya, na kilichomshinda. Mwenye majivuno hujilinganisha na wenzake na kuwashusha. Na yule asemaye "sijui kitu", hali anajua, naye amesema uongo, ingawa uongo wake umevaa nguo ya unyenyekevu.

Sasa tuje kwenye mpaka. Mkulima wa pamba anajua kazi mbili anazoweza kufanya kabla ya kwenda mizanini. Ya kwanza ni kuanika pamba yake, kuondoa majani, na kutenga iliyo safi na iliyo fifi. Ya pili ni kutia maji na mchanga ili uzito uongezeke. Zote mbili hufanyika nyumbani, na zote mbili mtu aweza kuziita maandalizi. Lakini ya kwanza humsaidia mnunuzi kuona kilichopo, na ya pili humfanya aone kisichokuwapo. Kujiandaa kwa usaili ni kuanika na kutenga. Kughushi cheti, au kudai kazi ambayo hukuifanya, ni kutia mchanga.

Na mchanga huonekana siku moja. Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti, iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini. Wengine walikwisha kutumika miaka mingi, wana watoto shuleni na nyumba za kumalizia. Kipimo twachoweza kuwapa vijana ni hiki: sema juu yako lile tu ambalo waliokuona ukilifanya, kama wangekuwa wamekaa chumbani humo, wangelikubali kwa kichwa.

Basi kijana afanye nini? Kwanza, atengeneze karatasi zake kabla hajaitwa. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, hudai vyeti halisi, kikiwamo cheti cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho. Huku kwetu mtoto huandikwa jina moja anapozaliwa, jingine akibatizwa, na mwalimu naye huandika alivyosikia. Majina yakitofautiana, lazima atafute mapema hati ya kisheria ya jina. Pili, asome tangazo la kazi neno kwa neno, na kila jukumu lililotajwa alitafutie mfano mmoja kutoka maisha yake. Aliyetunza daftari la kikundi cha kuweka na kukopa ana la kusema kuhusu fedha. Tatu, ajizoeze kusema kwa sauti mbele ya mtu atakayemsahihisha. Nne, atenge nauli na malazi, kwani msailiwa hujigharamia mwenyewe, na afike siku moja kabla. Akiulizwa asilolijua, aseme halijui, kisha aeleze angelitafuta wapi.

Wazazi nao wana neno lao. Wako wanaouza ng'ombe ili wapate "chai" ya kumpa mtu, au wanaotafuta kimemo kutoka kwa ndugu aliye mjini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani anayetoa kama anayepokea, nayo hukataza pia kumdai binti mwili wake kuwa sharti la ajira. Lakini hata sheria isingekuwapo, mzazi ajiulize: nafasi ninayomnunulia mwanangu ni ya mtoto wa nani? Pengine ni ya mjane wa kitongoji cha pili, ambaye hana ng'ombe wa kuuza. Ng'ombe huyo angelipa ada ya ufundi au nauli za sili kadhaa za halali, na mtoto angekwenda na dhamiri nyeupe.

Mwisho, tusiwadanganye vijana kwamba atakayejiandaa vema lazima atapata. Hata kama watu wote 10,000 wangekuwa hodari na wakweli, nafasi zingebaki 70. Kwa hiyo kukosa si hukumu juu ya utu wa mtu, na wazazi wasimpokee aliyekosa kama mtu aliyeiaibisha nyumba. Wampe chakula, wamwulize aliulizwa nini na alijibu nini, na pale alipokwama wamsaidie kupata jibu, maana matangazo ya kazi yatatoka tena.

Na wale walio bado shuleni, tuwazoeze tangu sasa. Jioni baada ya chakula, kila mtoto, wa kiume na wa kike, aeleze kazi aliyoifanya siku hiyo, nasi tusikilize mpaka amalize.