Hilo Si Somo Langu

Msomaji, mara nyingi umeketi darasani ukasikia kengele ikilia. Mwalimu wa hisabati hufunga kitabu chake akatoka, na mwalimu wa historia huingia akafuta ubao. Yaliyoandikwa kabla yake hayamhusu. Umeyazoea mambo haya tangu utotoni hata ni vigumu kwako kudhani kwamba palikuwa na wakati ambapo elimu haikukatwa vipande kwa kengele. Wakati huo ulikuwako, na katika nchi yetu ya Meru na Embu si wa mbali sana.

Kabla sijaueleza, yafaa niungame kosa langu. Miaka michache iliyopita, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti kipya mkononi, nilifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari huku mlimani. Siku moja nilikuwa nikieleza habari za mvua na mito, msichana wa kidato cha pili akanyosha mkono. Alisema kwamba kijito kilicho chini ya shamba lao hukauka kila kiangazi, na zamani za nyanya yake hakikukauka. Jirani yao alikuwa amepanda mikaratusi ukingoni, na juu zaidi watu walikuwa wamechimba mfereji wa kunyweshea mashamba. Alitaka kujua kama sababu ni mvua, ni miti, au ni mfereji.

"Miti ni mambo ya baiolojia," nilimjibu, "na mfereji ni mambo ya sheria. Hilo si somo langu."

Mwalimu wa baiolojia alimwambia aulize kwanza habari za mvua kwa mwalimu wa jiografia. Mwalimu wa historia na serikali alimwambia kwamba ugomvi wa mifereji haumo katika mtihani. Juma la pili alinijia na daftari. Alikuwa ameandika majibu matatu, moja chini ya jingine. "Mwalimu, sasa nimwulize nani?" Sikuwa na neno la kumjibu. Kwao maji yalichotwa mwendo wa saa nzima wakati wa kiangazi, na mchotaji alikuwa yeye.

Usidhani kwamba mgawanyo wa maarifa uliletwa na wageni. Wazee wetu walikuwa na wahunzi waliojua kufua chuma, na ujuzi huo ulikwenda kwa ukoo, baba akimfunza mwanawe. Laana ya mhunzi iliogopwa sana. Waganga nao walikuwa na mambo yao. Wameru walikuwa na Mugwe, ambaye kazi yake ilikuwa kubariki. Kila mmoja alikuwa na mpaka wake. Lakini palikuwa pia na baraza la Njuri Ncheke, na mbele yake neno lolote la nchi liliweza kuletwa: shamba, msitu, mahari, damu iliyomwagika. Wazee hao hawakujua kufua chuma. Waliweza kumwita mhunzi aseme, wakamsikiliza, kisha hukumu ikawa yao.

Mgawanyo wa namna ya pili ulikuja na shule, wala haukuja siku moja. Mwaka 1922 Dakta Clive Irvine wa Kanisa la Skoti alianza kazi Chogoria, na mahali pale kanisa, hospitali na shule vilikaa ua mmoja. Mwaka huo huo Makerere ilifunguliwa huko Uganda ikiwa na wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Hakuna aliyeona hapo chuo kikuu. Mwaka 1949 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Hapo ndipo elimu ilipogawanywa kwa ramani hasa. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikuja Nairobi, na aliyetaka udaktari alipanda gari la moshi kwenda Kampala, mpaka Nairobi ilipopata kitivo chake cha udaktari mwaka 1967. Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikachukua chake. (Nakiri kwamba napenda kumfikiria kijana wa Embu na kijana wa Meru wakiagana stesheni Nairobi, mmoja akienda pwani na mwingine ziwani, na kila mmoja akidhani anakwenda kuichukua elimu yenyewe.)

Ulaya na nchi za Kiislamu walikuwa wameipita njia hiyo zamani. Aristotle aliandika juu ya wanyama, nyota, utawala na ushairi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa tabibu na mwanafalsafa pia. Baadaye Bologna ilisifiwa kwa sheria na Paris kwa elimu ya dini, na maarifa yalipozidi kichwa cha mtu mmoja, matawi yakawa mengi.

Wala sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Mkulima wa kahawa wa Meru au Embu anajua hasara ya ugonjwa unaooza buni mtini. Watu walioketi kituo cha utafiti cha Ruiru miaka mingi, wasiangalie ila kahawa, ndio waliotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayoustahimili ugonjwa huo. Baraza la wazee lisingaliweza kuipata hata lingekaa karne nzima. Tena mganga anayejidai kujua kila ugonjwa ameua watu, na daktari wa macho anayekataa kupasua moyo ni mtu mwema.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nimelifikiri sana, nami naona ya kuwa maneno yangu yalikuwa na maana mbili, nami nilitumia moja kuificha nyingine. Mtu akisema "silijui", amesema kweli, na elimu ya siku hizi imetufundisha kuisema kweli hiyo mara nyingi zaidi kuliko waganga wa zamani. Akisema "halinihusu", hilo ni neno jingine kabisa. Mimi sikujua habari za mikaratusi. Hilo si aibu. Lakini nilimwonyesha msichana yule kwamba kiu yao iko nje ya mpaka wangu, na mpaka wenyewe ulichorwa na ratiba ya masomo.

Mtu mmoja hunijia akilini ninapofikiri haya. H. E. Lambert alikuwa mkuu wa wilaya huku Meru na Embu katika zama za ukoloni. Alikuwa mtumishi wa serikali ambayo hatukuichagua, na sina haja ya kumpamba. Hata hivyo alichunguza mabaraza na desturi za watu wa mlima huu, akachapa kitabu juu yake mwaka 1956, na kisha akaandika juu ya lahaja za Kiswahili za pwani, Kivumba na Chichifundi miongoni mwake. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa utawala. Angekaa ndani ya mpaka wa kazi yake, tungekosa mengi.

Kati ya mwaka 2006 na 2016 vyuo vikuu vinne vilipewa hati upande huu wa mlima: cha Kimethodisti huko Meru, cha Chuka, cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, na cha Embu. Kile cha Sayansi na Teknolojia kiko Nchiru, na Nchiru ndiko yaliko makao ya Njuri Ncheke. Yamkini wewe utasoma katika kimojawapo. Utapewa idara, na idara itakupa mlango mmoja wa kuingilia.

Mwishowe nilikwenda kwa kina msichana yule Jumamosi moja, pamoja na mwalimu wa baiolojia. Baba yake alimwita mzee wa mtaa. Mzee aliuliza mikaratusi ilipandwa mwaka gani, mfereji ulifunguliwa lini, na kijito kilianza kupungua baada ya lipi. Mwenzangu alieleza jinsi mti ule unywavyo maji. Mimi nilieleza mvua. Jirani aliitwa, na watu wa juu wakaitwa. Maneno yalichukua siku tatu, na siku moja kati ya hizo yalikuwa matusi.

Mikaratusi ya ukingoni imekatwa, na mfereji hufungwa siku mbili kila juma. Kijito kingali chembamba, wala hakuna ajuaye kwa hakika ni lipi lililokisaidia zaidi. Msichana yule alipofika kidato cha tatu aliacha jiografia, akachukua fizikia. Niliulizwa kama nakubali, nikatia sahihi.