Udugu wa Sokoni na Haki za Wabia

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kufungua milango ya riziki, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyekuwa mfanyi biashara kabla ya kupewa Utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Watu wa pwani hawakosi mapenzi ya kushirikiana. Wakiona jambo lina kheri wataitana baada ya sala ya Ijumaa, watasoma Fatiha, kila mmoja atatoa alicho nacho, na chama kitapewa jina zuri. Mwaka haujatimia, huyu hampi yule mkono, na mmoja amehama msikiti asije akasimama safu moja na mwenziwe. Ukiuliza sababu utaambiwa ni husuda, au ni jicho, au ni ulimwengu kuharibika. Mara nyingi sababu ni ndogo kuliko hizo. Siku walipotoa fedha zao hapana aliyeandika, kwani waliona haya kuandikiana ilhali wao ni ndugu.

Haya hiyo haina asili katika sharia. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani ni aya ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, nayo haikuja kwa habari ya sala wala saumu, bali kwa habari ya deni, na mwandishi wake, na mashahidi wake. Ni kweli kuwa wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wamesema amri iliyomo ni ya kupendekeza, wala si ya kulazimisha, na asiyeandika hapati dhambi kwa kutoandika kwake. Walakini mtu mwenye akili haoni aibu kufanya jambo ambalo Mola wake amelieleza kwa urefu kama huo. Na wazee wa pwani nao walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi na itazamwe jamaa ya kwanza ya wafanyi biashara katika Uislamu, ilivyojengwa. Mtume s.a.w. alihamia Madina katika mwaka 622 wa Miladi. Waliohama pamoja naye walikuwa watu wa Makka, ambao kazi yao ni misafara na biashara, nao waliacha mali yao nyuma. Wenyeji wao, Ansari, wengi walikuwa watu wa mashamba na mitende. Mtume akawafunga udugu, muhajiri mmoja kwa ansari mmoja. Abdurrahman bin Auf akapewa Saad bin Rabii. Saad alikuwa tajiri, akamwambia nduguye kuwa yu tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali hiyo, asiitwae, akataka kuonyeshwa soko tu. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akaenda, akarudi na maziwa makavu na samli. Hazikupita siku nyingi akaonekana ana alama ya manukato ya manjano, ameoa mwanamke wa Kiansari kwa mahari ya dhahabu uzito wa kokwa ya tende, na Mtume akamwamrisha afanye karamu ijapokuwa kwa mbuzi mmoja.

Hadithi hii husomwa sana, na kila inaposomwa husifiwa Abdurrahman kwa kutotaka kula mali ya mtu. Ni haki yake. Lakini yafaa kumtazama na Saad vilevile, kwani wako wengi wawezao kukataa sadaka, na ni wachache wawezao kumwonyesha mgeni soko. Kumwonyesha mtu soko si kumnyoshea kidole kuwa soko liko kule. Ni kumjulisha bidhaa hutoka wapi, na bei yake asubuhi na jioni, na nani mizani yake ni sawa, na nani akiahidi hatimizi. Elimu hii kwa mwenye duka ni kama rasilmali ya pili. Wengi huificha. Kijana akiuliza, bwana, nguo hizi wanunua wapi, hujibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mpaji. Maneno hayo ni ya kweli, walakini yametumiwa kuzuia kheri. Chama cha wafanyi biashara ambacho wakubwa wake hawawaonyeshi wadogo soko, jina lake ni chama, na hali yake ni watu wanaotazamana.

Kisha Mtume s.a.w. aliwawekea Waislamu soko lao wenyewe Madina, mahali pa wazi, akakataza lisitozwe kodi. Na imepokewa kuwa desturi ya soko lile ilikuwa kama desturi ya msikiti, aliyetangulia mahali ni pake mpaka aondoke. Hapakuwa na mtu wa kusema, pahala hapa ni pa babu yangu. Pakaharimishwa na mambo ambayo humdhuru mgeni na mnyonge: kuwatokea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni na kuijua bei, na kuzidisha bei katika mnada bila ya nia ya kununua ili mwingine adanganyike. Hata katika chungu ya nafaka Mtume aliingiza mkono wake, vidole vikagusa unyevu chini, akamkemea mwenyewe kwa kuficha yaliyolowa na mvua na kuweka makavu juu. Mtu ajiulize madalali wangapi leo wangestahimili mkono huo katika magunia yao.

Ama ubia wenyewe, wanavyuoni wa Kishafi'i wameufunga kwa masharti, na mwenye kuyasoma ataona kuwa kila sharti limewekwa mahali ambapo watu hugombana. Ubia ulio sahihi kwao ni sharikatul inani: watu wawili au zaidi watoe mali ya namna moja, ichanganywe hata isijulikane ya huyu na ya yule, na kila mmoja ampe mwenziwe ruhusa ya kununua na kuuza. Faida na khasara ni kwa kadiri ya mali. Aliyetoa shilingi 300,000 na aliyetoa 100,000, wakipata faida ya 80,000, wa kwanza ana 60,000 na wa pili ana 20,000, na khasara kadhalika. Wakishartiana kugawa sawasawa, mkataba umeharibika. Faida itarudi katika kadiri ya mali, na kila mmoja atadai ujira wa kazi aliyomfanyia mwenziwe. Na mafundi wawili walioshirikiana kwa mikono mitupu, bila ya mali, ubia wao kwa Shafi'i haukusihi, bali kila mmoja ana ujira wa mkono wake. Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik wameuruhusu kwa masharti yao.

Yule ambaye hana mali ila ana kazi, mlango wake ni kiradhi, ambayo wengine huiita mudharaba. Hapa ndipo penye maradhi makubwa ya pwani, na pataka maneno zaidi. Kiradhi ni mtu kumpa mwenziwe fedha zinazojulikana hesabu yake, afanye biashara, na faida wagawane kwa fungu linalojulikana, nusu au theluthi au robo. Khasara ikitokea bila ya khiyana wala uzembe, ni juu ya mwenye mali peke yake, na mfanyi kazi amekosa jasho lake. Hayo ndiyo mambo ambayo wenye fedha wengi hawayataki. Huyu humpa kijana fedha afungue duka, au ampe nahodha aende nazo Shihri au Maskati, na amwambie, mimi nipe shilingi kadha kila mwezi, uuze usiuze. Kisha hiyo huita ushirika, na mbele za watu husema amemsaidia mtoto wa ndugu yake. Kwa wanavyuoni haikuwa kiradhi kabisa, kwani kushartiza kitu kilichokatwa huiharibu. Na ikiwa rasilmali nayo imedhaminiwa kurudi, basi hilo ni deni lenye nyongeza, na nyongeza hiyo jina lake lajulikana.

Mfanyi kazi naye ana mipaka. Hawezi kusafiri na mali wala kuuza kwa mkopo ila kwa idhini ya mwenyewe. Lakini akisema mali imeharibika, husadikiwa kwa yamini yake, kwa kuwa ni mtu wa amana. Ndiyo sababu watu hawakumpa kiradhi kila mtu. Bibi Khadija r.a. alipompa Muhammad mali yake kwenda Shamu, kabla ya Utume, alimpa kwa sababu ya ukweli wake uliojulikana Makka yote.

Iko khabari ya Sayidna Umar bin Khattab r.a. ambayo yafaa kusomwa na kila mkubwa wa chama. Wanawe wawili, Abdullah na Ubaydullah, walikuwa katika jeshi la Iraki. Wakati wa kurudi walipita Basra kwa Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa amiri. Abu Musa alikuwa na fedha za baitul mali za kupeleka Madina, akawakopesha wanunue bidhaa za Iraki, wauze Madina, rasilmali waipeleke kwa baba yao na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, wakapata. Umar akawauliza kama jeshi zima lilikopeshwa vivyo hivyo. Halikukopeshwa. Akaamrisha watoe rasilmali na faida yote. Abdullah alinyamaza, Ubaydullah akahoji kuwa mali ile lau ingalipotea wao ndio wangalilipa. Mtu mmoja katika baraza akashauri ihesabiwe kuwa kiradhi, Umar akakubali, akatwaa rasilmali na nusu ya faida, na nusu wakaachiwa wanawe.

Fedha haikupotea hata dirhamu moja, wala vijana hawakuiba. Umar hakuuliza mali iko wapi. Aliuliza wengine walipewa nafasi hiyo au hawakupewa. Vyama vingi hufa kwa swali hilo kutoulizwa: mtoto wa mwenye kiti amepata mkopo wa kwanza, mkwe wake amepata wa pili, na wale waliotoa fungu lao mwezi kwa mwezi wangali wanangojea zamu.

Kwa habari ya zamu, watu huuliza sana juu ya upatu, yaani watu kukusanya fungu sawa kila juma au kila mwezi na kumpa mmoja wao, mpaka wote wazungukiwe. Jambo hili si jipya. Walii'l-Iraki, mwanachuoni wa Kishafi'i wa Misri aliyefariki mwaka 826 wa Hijra, ambao ni 1423, aliulizwa juu ya upatu wa wanawake wa zama zake, naye alijuzisha. Al-Qalyubi ameinakili fetwa hiyo katika hashiya yake. Basi wanaume wanaoudharau upatu kuwa ni mchezo wa wake zao, na waangalie ni chama kipi katika mtaa wao kimedumu miaka mingi bila ya ugomvi, chao au cha wake zao. Pale kila mtu ajua siku yake na kiasi chake, na hesabu husomwa mbele ya wote.

Jamaa kubwa nayo huweza kuvunjika kwa sababu ya nje. Matajiri wa Misri walioitwa Karimi walichukua pilipili na viungo kutoka Aden hadi Kairo kwa karne nyingi, wakajenga madrasa, wakakopesha masultani. Sultani Barsbay, aliyetawala tangu 1422 hata 1438, akajitwalia biashara ya viungo iwe yake peke yake, na jamaa ile haikuinuka tena kama ilivyokuwa.

Limebaki jambo la mauti. Ubia na kiradhi huvunjika mbia mmoja anapokufa, na papo hapo mali ya marehemu ina wenyewe: kwanza mazishi na madeni, kisha wasia, kisha warithi. Mbia aliyebaki hana haki ya kuendelea kuuza katika fungu la mayatima eti kwa sababu marehemu alikuwa rafiki yake. Yule Saad bin Rabii, aliyetaka kugawa mali yake nusu kwa nusu, aliuawa Uhud katika mwaka wa 3 wa Hijra. Ndugu yake akaitwaa mali yote. Mjane wa Saad akaja kwa Mtume na mabinti wawili, akashitaki kuwa hawakuachiwa kitu. Ikashuka aya ya mirathi, na Mtume akaamrisha mabinti wapewe thuluthi mbili, mama yao thumni, na ndugu apate kilichosalia. Hayo yalimpata mtu ambaye ukarimu wake hauna shaka, na katika mji ambao Mtume mwenyewe yumo. Mali ya Saad ilikuwa mashamba yaonekanayo kwa macho. Fungu la mbia dukani halionekani, ila katika daftari. Na mjane ambaye mumewe hakuandika, ataapishwa na nani, na shahidi wake ni nani?

Kwa hiyo wanaotaka kushirikiana, siku ya Fatiha na waandike hivi kabla ya kahawa haijamiminwa: majina yao, na mali aliyotoa kila mmoja, na tarehe, ruhusa ya kila mmoja katika kuuza na kukopesha mipaka yake ni ipi, fungu la mfanyi kazi likiwa ni kiradhi, nani ataweka daftari na nani atalikagua, na wasiwe mtu na nduguye, na mbia akifa, mali itahesabiwa mbele ya nani na warithi watapewa kwa muda gani. Mashahidi wawili waadilifu watie mikono yao. Nakala moja ikae msikitini kwa imamu, na nyingine nyumbani kwa kila mbia, mahali ambapo mkewe anapajua.

Wallahu aalamu bi s-sawab.