Fadhila na Masimbulizi: Kura ya Mtu Mweusi wa Marekani

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyatengea aibu yake maalumu ni neno masimbulizi. Mtu akimtendea mwenziwe wema, kisha akawa kila siku anamkumbusha wema huo, mbele ya watu na faraghani, husemwa kuwa anamsimbulia. Na mwenye kusimbuliwa, hata kama pasipo wema ule angekufa kwa njaa, hutamani lau asingelipewa. Jambo hili hujulikana vyema katika maisha ya nyumba na jamaa. Lisiloulizwa mara nyingi ni kama chama cha siasa nacho kinaweza kuwasimbulia watu, na kama kura ya mtu yaweza kudaiwa kwa jina la shukurani.

Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi kuliko uhusiano wa Wamarekani Weusi na chama cha Republican. Chama hicho, ambacho leo ndicho chama cha wahafidhina wa Marekani, kilizaliwa 1854 kwa shabaha ya kuuzuia utumwa usienee katika ardhi mpya za magharibi. Rais wake wa kwanza, Abraham Lincoln, ndiye aliyetangaza tarehe 1 Januari 1863 kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Wabunge wake ndio waliosukuma mbele marekebisho ya Katiba ya 1865, 1868 na 1870: la kwanza likaufuta utumwa, la pili likatoa uraia, la tatu likakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake (ingawa wanawake, weusi kwa weupe, walibaki kusubiri). Mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti, Hiram Revels wa Mississippi, aliingia 1870 kwa tiketi ya chama hicho. Upande wa pili, chama cha Democratic kilikuwa chama cha mabwana wa watumwa wa Kusini, na baada ya utumwa kikawa chama cha ubaguzi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akaja kuwa msemaji mkubwa wa watu wake, alikifananisha chama cha Republican na chombo, na vyote vilivyobaki akavifananisha na bahari. Msomaji wa visiwani hana haja ya kufasiriwa tamathali hiyo.

Ila tamathali hiyo inasahau jambo moja, nalo ni kwamba bahari ikichafuka nahodha hutosa shehena ili chombo kisalimike. Ndivyo ilivyotokea 1877. Uchaguzi wa mwaka uliotangulia ulikuwa na mzozo; Rutherford Hayes wa Republican akapata urais, na askari wa serikali kuu waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za chama chake huko Kusini wakaondolewa. Watu weusi wakaachwa mikononi mwa mabwana wao wa zamani. Kura yao ikanyang’anywa kidogo kidogo, kwa kodi ya kichwa, kwa mitihani ya kusoma, na pale ambapo hayo hayakutosha, kwa kamba na bunduki. Mwaka 1901 George White wa North Carolina alitoka bungeni, na hadi 1929, alipoingia Oscar De Priest wa Chicago, hapakuwa na mbunge mweusi hata mmoja. Muda wote huo chama kiliendelea kuzipokea kura za weusi wa Kaskazini, na kila uchaguzi ulipokaribia jina la Lincoln lilitolewa kabatini likafutwa vumbi. Hapo fadhila ilikuwa imekwisha kugeuka masimbulizi.

Lakini liko swali linalotangulia hilo. Je, ilikuwa fadhila tangu hapo mwanzo? Aliyerudishiwa alichoibiwa hadaiwi asante na ukoo wa mwizi. Tena uhuru ule haukuletwa mezani kama kikombe cha kahawa: watu weusi wapatao 180,000 walivaa sare za jeshi la Kaskazini wakapigana, na wengi hawakurudi. Ukipigwa mizani vizuri, haijulikani nani alimwokoa nani. Unguja ina kumbukumbu yake ya hesabu za namna hii. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa nguvu za kisheria 1897. Waingereza walilikumbusha hilo kwa miaka mingi, ilhali fidia iliyowekwa na sheria ya 1897 ilikuwa ya mabwana, wala si ya watumwa.

Aliyeukata mzizi wa masimbulizi kwa sauti kubwa ni Robert Vann, mhariri wa gazeti la Pittsburgh Courier, naye mwenyewe Mrepublican wa siku nyingi. Mwezi Septemba 1932, akihutubia mjini Cleveland, aliwaambia watu weusi waende majumbani mwao waigeuze picha ya Lincoln itazame ukuta, kwani deni lile limekwisha kulipwa lote. Mwaka huo wengi hawakumfuata. Miaka minne baadaye wakamfuata, wakampa kura Franklin Roosevelt wa Democratic.

Wapo waliowalaumu kwa kusema kwamba waliuza historia kwa mkate. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, maana chama walichokiendea bado kilikuwa na wabaguzi wa Kusini tele, na Roosevelt, kwa kuwahofia maseneta hao, hakuisukuma sheria ya kuzuia mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na hizo ndizo zilizokuwa kazi za weusi wengi. Lakini mkate si kitu cha kudharauliwa na aliyeshiba. Katika mwaka wa njaa, kumpigia kura anayekuajiri badala ya anayekukumbusha babu yako ni akili timamu.

Mpasuko mkubwa ulikuja 1964, nao unafundisha zaidi kuliko ule wa 1936. Katika Seneti Warepublican 27 kati ya 33 waliiunga mkono Sheria ya Haki za Raia ya mwaka huo. Barry Goldwater aliikataa, na baada ya majuma machache chama kikamteua yeye kugombea urais. Ingekuwa rahisi kumwita mtu mwenye chuki, lakini kumbukumbu hazisemi hivyo: alikwisha kuziunga mkono sheria za haki za raia za 1957 na 1960. Hoja yake ilikuwa ya itikadi, kwamba serikali kuu haina mamlaka ya kumwambia mwenye mkahawa amkaribishe nani au mwenye kiwanda amwajiri nani. Huenda aliisema kwa moyo safi. Lakini mpiga kura hakupewa kazi ya kuzipima nyoyo. Katika Mississippi, ambako ni watu weusi wachache mno walioruhusiwa kujiandikisha, Goldwater alipata kura 87 katika kila 100, na waliompa walijua kwa nini wanampa. Nchini kote, weusi walimkimbia karibu wote, na hawajarudi kwa wingi tangu hapo. Mwaka 2005 mwenyekiti wa chama, Ken Mehlman, aliomba radhi mbele ya jumuiya ya NAACP kwa jinsi baadhi ya wenzake walivyojaribu kunufaika na mfarakano wa rangi. Radhi yake haikuzigeuza kura.

Neno mhafidhina lenyewe linastahili kutazamwa kidogo. Mhafidhina ni mwenye kuhifadhi. Wamarekani Weusi wengi, wakiulizwa juu ya ibada, ndoa na malezi ya watoto, hujibu kama wahafidhina, na siku ya uchaguzi hukipa kura chama kingine. Wachunguzi wengine huliona hili kuwa fumbo. Si fumbo kwa anayeuliza, kuhifadhi nini? Mtu hupenda kuhifadhi sala aliyofunzwa na nyanya yake, asipende kuhifadhi mpangilio wa mambo uliomfanya nyanya huyo aingie kwa mlango wa nyuma. Chama kinachozungumza juu ya zama njema zilizopita sharti kiwe tayari kuulizwa zilikuwa njema kwa nani.

Hata hivyo si haki kukiacha chama cha Democratic kipite bila kuulizwa chochote, kwa kuwa nacho kimejifunza kusimbulia. Mei 2020 Joe Biden alimwambia mtangazaji mmoja mweusi kwamba asiyeweza kuamua kati yake na Donald Trump basi huyo si mweusi. Alijuta siku ile ile. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, nalo ni zito kuliko kumtaja Lincoln, kwa sababu aliyetaja Lincoln alidai shukurani tu, na huyu aligusa nasaba.

Basi je, mtu mweusi anayekipigia kura chama cha wahafidhina ni msaliti? Wapo hoja njema wanaosema ndiyo. Kundi dogo, husema, halina silaha ila umoja wake. Anayejitenga huwapunguzia wenziwe nguvu huku akifaidi ulinzi walioupata pamoja. Hoja hii haipuuziki. Umoja ndio ulioipata Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Lakini umoja unaolazimishwa kwa kumvua mtu rangi yake ni bwana mwingine aliyevaa nguo za ndugu. Mwenye haki ya kukubali lazima awe na haki ya kukataa. Vinginevyo alichonacho si kura. Anaweza kuambiwa kuwa amekosea, akabishiwa hadi alfajiri, na hata akanuniwa. Asichoweza kuambiwa ni kwamba hayumo.

Robert Vann mwenyewe hakudumu. Alipewa wadhifa mdogo Washington katika serikali ya Roosevelt, akaona alichokiona, akavunjika moyo. Mwaka 1940 gazeti lake lilimuunga mkono Wendell Willkie wa Republican, na Vann akafariki Oktoba ile, siku chache kabla ya uchaguzi. Wasomaji wake wengi hawakumfuata safari hiyo, walimpa Roosevelt.