Nani Aliyewahesabu Wafu wa Nyangwe?

Mara nyingi tunaambiwa kwamba maarifa huaminika zaidi kadiri anayejua anavyojiondoa ndani yake. Mto Lualaba, kusini mwa Kindu huko Kongo, unaipa rai hii ushahidi mzito. Mwaka 1871 mpelelezi Livingstone alikaa Nyangwe, kando ya mto huo, akitamani sana mto ule uwe Nili. Mwaka 1874 mpelelezi mwenzake Cameron alipima mwinuko palepale, akaona maji yake yako chini kuliko Nili kule Gondokoro, kwa hiyo hayangeweza kutiririka kuelekea huko. Na mwaka 1877 mpelelezi Stanley, akiufuata mto, alifika Boma, karibu na Atlantiki. Kipimo kilishinda matamanio ya mtu. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Lakini Nyangwe hiyohiyo ina hesabu ya pili. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki waliushambulia umati sokoni, wengi wao wanawake, na waliokimbilia mtoni wakazama. Livingstone alishuhudia, na shajara yake inataja vifo kati ya 330 na 400. Tarakimu hizo zinaonekana kavu kama mwinuko wa Cameron, kumbe ni makadirio ya wafanyabiashara wa Kiarabu, kundi lilelile walikotoka wapigaji risasi. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma kwa mianga maalumu maandishi yake ya awali yaliyofifia, wakakuta yanatofautiana na aliyoyaandika upya baadaye. Hapo chombo kilitusaidia, ila kilichopatikana kilikuwa bado ni neno la mtu, lenye hofu yake na sababu zake za kunyamaza.

Atauliza mtu: kama kila ujuzi una mwenyewe, je, ukweli wa muuaji si sawa na wa aliyeuawa? Hapana. Kipimo cha Cameron kiliaminika kwa kuwa mwingine angeweza kwenda kukirudia. Ushahidi nao hupimwa: shahidi alisimama wapi, alinufaika na nini, nani mwingine aliona? Maswali hayo hayaulizwi mpaka shahidi atajwe. Kumficha ndiko kunakompa muuaji nafasi ya kusema kwa sauti ya tarakimu. Tena, hakuna mizani iliyoweza kujua kwamba waliozama walikuwa wamekuja kuuza na kununua. Hilo lilihitaji nafsi iliyowatazama kama watu.

Wanawake wa soko lile hawakuachiwa nafasi ya kuandika hesabu yao. Basi enyi walimu wa historia Maniema, mnapoiandika 330 au 400 ubaoni, andikeni kando yake ni nani aliyeitoa.