Siku za Mahabusi na Hesabu Yake



Kivukoni, ukingoni mwa bandari ya Dar es Salaam, lipo jengo la Mahakama Kuu. Mwenye kushitakiwa kuua kwa kusudi hana dhamana katika sharia za Tanzania. Huweza kungoja miaka katika mahabusi ya Keko au Segerea, kisha ikathibiti kuwa ameua bila ya kukusudia, na jaji akampimia kifungo. Je, miaka ile iliyotangulia huenda wapi?

Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuwa Mtume (s.a.w.) alimfunga mtu kwa tuhuma. Wanavyuoni wakafahamu kuwa kifungo hicho ni cha kuchungua khabari, si adhabu. Lakini ukuta ni ule ule, na watoto wanaomkosa baba ni wale wale.

Na tazameni neno la Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho darsani pwani nzima. Mwenye kughusubu nyumba hulipa kodi ya siku alizoizuia, ijapokuwa hakuikaa. Ama mtu huru akifungwa kwa dhulma bila ya kutumishwa, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa manufaa ya mwili wake hayalipwi, kwani yeye si mali ya kuingia mkononi mwa mtu. Wako wasemao hulipwa. Basi ikiwa siku za muungwana hazina bei ya fedha, zitarejezwa kwa nini ila kwa siku mfano wake?

Wakili humtajia jaji muda huo, na jaji hunena ameuzingatia. Neno hili ni pana mno. Mfanya biashara wa Kariakoo akilipwa sehemu ya deni haandiki daftarini kuwa amelizingatia. Hutoa, akaandika baki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliagiza muda wa mahabusi uangaliwe katika kupima kifungo, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kuwa maana yake ni hesabu ya kutoa: kikistahiki kifungo cha miaka 20, na 3 imekwisha kukaliwa, hutamkwa 17.

Basi mwenye ndugu yake mahabusi na aiandike tarehe ya kukamatwa, siku na mwezi, amkabidhi wakili kabla ya hukumu kutamkwa, ili aombe itajwe idadi.