Mtegemea Nundu

Mtegemea nundu haachi kunona. Husema hivyo, kwa kuridhika, mtu mwenye pa kujishikiza: mjomba aliye serikalini, tajiri anayemwita mwanangu, bosi asiyesahau watu wake. Nundu ya ng'ombe ina mafuta tele, na aliye karibu nayo hakosi unono. Wazee waliotuachia methali hii hawakumlaumu mtu wala kumsifu. Walieleza dunia inavyokwenda.

Warundi waliijua kwa vitendo. Chini ya ubugabire, mwenye makundi alimpa mtu ng'ombe, naye mpokeaji akalipa kwa utumishi, kwa vibuyu vya pombe na kwa heshima nyingi. Mfumo huo ulifutwa 1955, enzi ya mwami, yaani mfalme, Mwambutsa wa Nne, lakini mazoea ya kuinama yalibaki, na baadhi ya wahubiri wetu huyaita unyenyekevu. Sikubaliani nao. Anayeinama ili apewe ndama anapiga hesabu. Siku akipata kundi lake, atataka na wengine wamwinamie vivyo hivyo.

Sanamu huzaliwa papo hapo, katika kutegemea nundu. Chini ya mlima Sinai Waisraeli hawakusubu simba wala tai, walisubu ndama. Musa alikuwa amekawia, Mungu haonekani, nao walitaka kitu cha kushikwa kwa mkono. Baadaye, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, Musa anawaonya juu ya mtu aliyeshiba, aliyejenga nyumba nzuri, ambaye ng'ombe na kondoo wake wameongezeka hata moyo ukapanda, akamsahau aliyemtoa Misri. Sura ya 32 inalionyesha taifa lililonenepa likamrushia teke aliyelilisha. Methali inaahidi kunona. Musa anaogopa kunona kwenyewe.

Huku Burundi, wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya Muyaga 1898, walipambana na kubandwa, ibada ya Kiranga, roho aliyesimama kati ya watu na Muumba. Muumba mwenyewe Warundi walikwisha kumjua, wakimwita Imana. Kuongoka kukawa kuacha vilivyosimama katikati. Mkuki wa Kiranga uliwekwa chini na wengi. Mjomba aliye serikalini ni mgumu zaidi kumwacha, maana yeye hajibu kwa ndoto, hujibu kwa barua ya kazi.

Nenda sasa Gasorwe, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kongo iliyofunguliwa 2002. Wengi wametoka Kivu Kusini, jimbo ambalo wafugaji wake walihesabu utajiri kwa vichwa vya ng'ombe. Mtu anaweza kudhani kwamba aliyepoteza kundi zima ameponywa sanamu. Haiwi hivyo. Ufukara nao una nundu zake: kadi ya mgao, afisa anayeshika orodha, na ile safari ya kuhamia Marekani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na Wakongo, nchini Burundi na kwingineko, walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisubiri kusafiri. Kutamani safari hiyo si dhambi, nani asingetamani? Lakini mtu aliyeomba miaka mingi, kisha mlango ukafungwa, hulazimika kujiuliza alikuwa akimwomba Mungu au akiiomba ndege.

Mkristo anaweza kuisema methali yetu juu ya Mungu, na wengi huisema hivyo: mtegemee Yeye, utanona. Mimi naona tumembadilisha mwenye ng'ombe tu, ubugabire ukabaki ule ule. Habakuki, mwishoni mwa kitabu chake kifupi, anataja mtini usiochanua, shamba lisilotoa chakula, zizi lisilo na ng'ombe hata mmoja, na bado anamfurahia Mungu. Ayubu alirudishiwa mifugo maradufu. Habakuki hasemi kama alirudishiwa chochote, na nadhani ndiyo maana Jumapili tunamsikia Ayubu mara nyingi kuliko yeye.